Mwiba katika Goti la Mwalimu Generoza

Wenzangu mnaobaki kwenye chumba cha mazoezi mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Kusahau hakunitishi. Kinachonitisha ni kwamba nakumbuka mno. Nimestaafu, lakini alfajiri naamka hapa Kiseke kama vile kuna mgonjwa ananisubiri kwenye benchi, na kabla chai haijachemka nimeshapita kichwani magoti ya watu ambao sijui waliishia wapi. Basi niandike, labda yatapungua. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine.

Kazi yetu, fiziotherapia, ina jina refu kwa mtu mwenye maumivu, ndiyo maana Mwanza nzima wanatuita watu wa mazoezi. Nilipoajiriwa, mama yangu kule Magu aliwaambia majirani kwamba nimekuwa mwalimu wa michezo hospitalini. Shangazi yangu mmoja aliamini hivyo mpaka anazeeka, na kila nikienda likizo aliniuliza kama timu yetu imeshinda.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Magesa, Mjita mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa sababu alikuwa anashona mfuko wa mchanga uliopasuka. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, vyuma viwili sambamba vya kushikilia mtu anayejifunza kutembea, sufuria ya kuyeyushia nta ya kupasha viungo joto, na mifuko ya mchanga ya kufunga miguuni ili misuli ifanye kazi. Nilikuwa nimetoka chuoni na maneno mengi. Hakutaka kusikia hata moja. Alinipeleka kwa mgonjwa wa kwanza, mzee wa Kirumba aliyebeba magunia ya dagaa maisha yake yote, akaniambia niweke mgongo wa mkono kwenye goti zima kwanza, kisha kwenye goti bovu.

Nikafanya. Akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kueleza muundo wa goti. Akasema hakuuliza hivyo. Ameuliza lipi lina joto zaidi.

Asubuhi ile yote nilishika magoti kwa mgongo wa mkono. Alinieleza kwamba kiganja cha mtu anayefanya kazi kimezoea kushika vyungu na chuma, hakisemi kweli, ila mgongo wa mkono bado ni mwepesi kuhisi. Tena tuanze na goti zima, maana bila hilo huna cha kulinganisha. Nilijiona mjinga. Wagonjwa nao, nadhani, waliniona hivyo hivyo.

Mzee Magesa ndiye aliyenifundisha kutenganisha magoti ya aina mbili, na hapa naomba mnisikilize, hasa nyie mnaopenda kukimbilia picha za eksirei. Kuna goti lililochakaa. Hilo ni la mbeba mizigo, la mkulima, la mtu mnene, la mzee. Linauma ukilitumia, linatulia ukipumzika. Na kuna goti la baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, inageuka na kuvishambulia viungo vya mwenyewe. Mgonjwa huyo anaamka asubuhi amekakamaa, vidole havifungi kifungo cha shati, na hali hiyo haimwachi upesi. Vidole, viwiko, nyayo, magoti, mara nyingi kulia na kushoto kwa pamoja. Wengi ni wanawake, na wengi huanza wakiwa bado vijana.

Goti lililochakaa huota vichomozo vya mfupa pembeni, kama kiungo kinajaribu kujijenga upya na hakina ramani. La baridi yabisi kwa kawaida huliwa, haliongezi. Lakini mtu wa baridi yabisi akipata dawa nzuri, ugonjwa ukatulia kwa miaka, lile goti lililokwisha kuumizwa nalo huanza kuota vichomozo. Ukiangalia vizuri ni dalili kwamba moto umepungua. Ila mweleze hivyo mtu aliyeiona picha ya goti lake lina ncha. Mzee Magesa alikuwa akisema picha inaonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Nimeona watu wenye ncha kubwa wanacheza ngoma, na wengine goti lao safi kwenye picha hawawezi kuinuka kitini.

Mzee alistaafu, akarudi Majita kulima mihogo, na akafariki huko. Nikabaki na vyuma vyake na sufuria ya nta. Miaka ikapita, na wagonjwa wengi, na ndipo nikampata Mwalimu Generoza.

Alitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuja na meli ya asubuhi. Alikuwa anafundisha darasa la kwanza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mwisho wa darasa hata anapoongea na mtu mmoja. Mumewe Deo alikuwa seremala. Baridi yabisi ilimwanza baada ya mtoto wa pili: pete ya ndoa ikakataa kuvuka kifundo cha kidole, kisha chaki ikawa inamponyoka. Madaktari walimwanzishia dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, ile inayotuliza kinga ya mwili isizidi kumshambulia. Dawa ile ilimsaidia sana. Kwangu alikuja kwa ajili ya vidole na magoti. Chaki tulikuwa tunaichomeka kwenye kipande cha mpira wa maji ili iwe nene, na aliniambia watoto walidhani ni chaki ya wakubwa, wakawa wanaiomba kwa heshima.

Kila alipokuja alinisahihisha Kiswahili changu. Mimi ni Msukuma, na "r" na "l" kwangu hazijawahi kuelewana. Nilimwambia nyoosha mguu, hesabu porepore, naye alihesabu kwa sauti ya darasani mpaka wagonjwa wengine wakawa wanahesabu naye. Miaka hiyo ilikuwa mizuri, ingawa sikuijua hivyo. Mgonjwa anayeendelea vizuri humfikirii sana.

Kisha goti la kushoto likaanza kumkwama. Alikuwa anapanda ngazi za ofisi ya walimu, likagoma katikati, akabaki amesimama kama nguzo mpaka wenzake walipomshika. Akaja Mwanza, akapigwa picha. Daktari alimweleza vizuri kabisa, nilikuwepo: ugonjwa wenyewe umetulia, goti limechakaa kutokana na madhara ya miaka ya mwanzo, na pembeni kumeota kichomozo. Hakihitaji kukatwa kwa sasa. Aendelee na dawa, aimarishe misuli ya paja, atembee na fimbo mkono wa kulia.

Generoza aliishika ile picha akaielekeza dirishani. Akaweka kidole kwenye ile ncha.

"Huu ni mwiba," akasema.

Nilikaa naye chumbani kwetu nikamweleza tena, kwa maneno yangu. Kwamba hautembei. Kwamba hauchomi kama mwiba wa mchongoma. Kwamba mara nyingi ncha ile haina kosa, maumivu yanatoka kwenye gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, iliyolika na misuli iliyolegea. Aliitikia kwa kichwa kwa upole mkubwa, namna mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyekosea hesabu lakini amejitahidi. Nikaona kwamba hajanielewa, au amenielewa na hajakubali. Aliondoka kuwahi meli.

Mjue namna habari zinavyosafiri kisiwani. Kabla wiki haijaisha, Nansio ilikuwa inajua kwamba mwalimu ana mwiba ndani ya goti. Wazazi wa wanafunzi walimpa pole. Wengine waliuliza amerogwa na nani. Mama mkwe wake alimwambia mwiba usiotolewa hupanda mwilini, na siku ukifika moyoni hakuna tena daktari. Haya yote niliyasikia baadaye. Wakati ule nilipompigia simu alisema anaendelea vizuri, mazoezi anafanya, watoto wananisalimia. Sauti ilikuwa ile ile ya darasani. Ila hakunisahihisha hata neno moja, na hilo lilinikosesha raha siku nzima.

Siku yake ya kuja kliniki hakuja. Nilipiga simu, haikupatikana. Nikajiambia meli imeharibika, au shule ina mitihani. Kliniki iliyofuata hakuja tena. Nikawa naangalia benchi kila nikifungua mlango. Wenzangu walinitania kwamba nina mpenzi Ukerewe.

Simu ilikuja mchana mmoja wakati namfunga mgonjwa mwingine mfuko wa mchanga. Alikuwa Deo. Aliniamkia, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, kama ilivyo desturi, na sauti yake ilikuwa inatetemeka katika kila moja ya salamu hizo. Nikamwambia aache salamu aniambie.

Akasema goti la mwalimu limevimba. Alidhani ni ule ugonjwa wake umeamka. Hawezi kuligusisha hata shuka. Amekuwa akitetemeka tangu jana. Mama mkwe wa mwalimu anasema ni mwiba unapigana kutoka.

"Deo," nikamwambia, "weka mgongo wa mkono wako kwenye goti la kulia kwanza. Tulia kidogo. Sasa la kushoto."

Nilimsikia anapumua. Nilimsikia Generoza analia, kidogo tu, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Linawaka, mama," Deo akasema. "La kulia ni la baridi. Hili linawaka."

Nyie vijana, liandikeni hili hata ukutani. Mtu wa baridi yabisi ugonjwa ukimwamkia, kwa kawaida unaamka sehemu nyingi: vidole, viwiko, magoti yote. Goti moja likijitenga na mengine, likawa jekundu, la moto, haligusiki, usiseme ni kichomozo na usiseme ni ugonjwa wake ule ule. Kichomozo hakileti homa. Sema ni vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, mpaka sindano ikuonyeshe vinginevyo. Tena dawa zake zimeipunguza kinga, kwa hiyo homa yake inaweza kuwa ndogo kuliko hatari yake. Kiungo kikiingia usaha kinaharibika haraka, na usaha ukiingia kwenye damu unaua.

Nikamuuliza Deo kama goti lilijeruhiwa. Akajibu kwamba hakuanguka. Kisha akasema alichanjwa chale.

Sikuuliza na nani. Nilimwambia amtafutie usafiri sasa hivi ampeleke hospitali ya pale pale Nansio, asingoje meli, na akifika asiseme mwalimu ana mwiba, aseme ana baridi yabisi, anatumia dawa ya kupunguza kinga, goti moja limekuwa la moto na amechanjwa. Nikamtaka ayarudie maneno hayo. Aliyarudia vizuri. Kisha nikamkimbilia Dokta Halima, daktari wetu wa mifupa, nikampata anatoka chumba cha upasuaji. Alinisikiliza amesimama, akaomba namba, akampigia mwenyewe mganga wa zamu wa Nansio. Walikubaliana avute maji ya goti kwa sindano, aanze dawa za mshipa mara moja, ile dawa ya kila wiki isimame, na mgonjwa avushwe Mwanza kwa meli ya kwanza.

Maji ya goti lenye afya ni kidogo na mepesi. Yaliyotoka yalikuwa mazito kama uji. Mganga yule alifanya kila kitu kama walivyoelewana, na mpaka leo namshukuru ingawa sijawahi kumwona uso.

Usiku ule sina la kusimulia, ila kwamba sikulala.

Asubuhi nilikwenda gatini Kirumba. Kazi yangu haikunihitaji kule. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshapangwa. Lakini nisingeweza kukaa chumbani nikiwahesabia wagonjwa wengine pumzi. Ziwa lilikuwa limechafuka, na watu walisema meli imechelewa kuondoka Nansio kwa sababu ya upepo. Nilisimama kati ya matenga ya samaki na wanawake waliokuwa wanabishana bei, nikawa nasikia harufu ya dagaa na nashindwa kujizuia kuwaza. Niliwaza usaha haungoji upepo. Niliwaza watoto wake wawili. Mwanamke mmoja aliniuliza namsubiri nani, nikamwambia ndugu yangu, na nikashangaa jinsi neno hilo lilivyotoka bila kufikiri.

Meli ilipofunga kamba, abiria walipewa njia kwanza, kisha wakamshusha amelala kwenye godoro, Deo ameshika pembe moja. Uso wa Generoza ulikuwa wa rangi ya majivu, midomo imekauka. Alifumbua macho akanitambua.

"Dada Kabula," akasema. "Wameuleta mguu wangu, au wameuacha Nansio?"

Nikamwambia wameuleta. Sikujua kama alikuwa anatania.

Dokta Halima alimwosha goti siku hiyo hiyo, na baadaye akarudia kuliosha, maana usaha ulikuwa haujaisha. Kati ya mara ya kwanza na ya pili alituita mimi na Deo pembeni. Ni mama wa maneno machache, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, na hajawahi kumpaka mtu asali. Akasema wanapigania vyote viwili, lakini hali ikizidi itabidi kuchagua kati ya mguu na mtu. Deo aliuliza kama anaweza kupewa muda wa kufikiri. Akajibiwa kwamba afikiri sasa, ili siku ikija asiwe anafikiri. Yule seremala alikaa kwenye benchi, akawa anapitisha kidole gumba kwenye ubao wake, akitafuta sehemu isiyopigwa randa. Mwisho akasema anataka mtu. Kisha akatoka nje.

Haikufika huko. Homa ilianza kushuka taratibu, ikapanda tena, ikashuka. Nyie mnajua siku za namna hiyo, unaposoma kipimajoto kabla ya kumsalimia mgonjwa. Mguu ukabaki. Goti halikubaki kama lilivyokuwa: gegedu ilikuwa imeliwa, na lilipopona lilipona limenyooka, gumu, halikunjiki tena zaidi ya upana wa vidole viwili. Na kile kichomozo, ambacho watu wote wa Nansio walikuwa wanakiogopa, kilikuwepo kwenye picha pale pale pembeni, hakijasogea.

Alipopata nguvu ya kuongea aliniambia yaliyotokea, bila mimi kumuuliza. Nilikuwa namkanda mkono. Alikuwa amepelekwa na mama mkwe kwenye kisiwa kidogo jirani, kwa mtu anayesifika kutoa miiba mwilini. Yule bwana alimchanja kuzunguka goti, akasugua unga mweusi, akaweka pembe na kufyonza. Kisha akatema kiganjani kitu cheupe, chembamba, akamwonyesha.

"Dada, mimi nimezaliwa kisiwani," akasema. "Ule ulikuwa mwiba wa samaki, wa sato. Niliujua palepale."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kwa sababu wewe ulinipa mazoezi ya kuishi nao. Yeye alisema umetoka. Nilitaka uwe umetoka."

Niliendelea kukanda mkono ule, na naweza kusema hakuna kitabu wala semina iliyonifundisha zaidi ya pale. Tangu siku hiyo sikumruhusu tena mgonjwa aondoke na picha yake kabla hajaniambia mwenyewe anachokiogopa ndani yake. Inachukua muda, na foleni inanung'unika. Iacheni inung'unike.

Kumsimamisha ilikuwa kazi nyingine. Dawa yake ya kila wiki ilikuwa imesimamishwa ili mwili upigane na vijidudu, na kwa hiyo baridi yabisi yenyewe iliamka mikononi. Magongo ya kawaida humtaka mtu akamate kwa ngumi na kubeba uzito kwenye kifundo cha mkono; yeye hakuweza kukamata hata kijiko. Hapo ndipo nikamchukua Deo chumbani kwetu, nikamwonyesha magongo, nikamweleza kwamba uzito unatakiwa ukae kwenye mkono wa chini kuanzia kwenye kiwiko, usifike kwenye vidole. Aliuliza maswali ya kiseremala: pembe, urefu, mahali pa kufunga mkanda. Alikwenda kuomba benchi la kufanyia kazi kwa fundi mwenzake, akarudi na magongo mawili ya mninga, juu yake kuna kibao kilichochongwa kama mfereji, kimewekwa sponji na kitambaa cha kanga, na kishikio kinene cha kuegemeza kiganja tu. Kama mtu mwenye baridi yabisi anakuja kwenu na mikono haishiki, kumbukeni umbo hilo. Seremala yeyote anaweza kulichonga akieleweshwa.

Generoza alisimama kati ya vyuma, akahamia kwenye magongo ya mumewe, akaanza kutembea na mguu ule mgumu akiuzungusha kwa nje. Alirudi Nansio. Dawa yake ilirudishwa chini ya uangalizi. Alirudi darasani pia, akafundisha amekaa kwenye stuli ndefu aliyochongewa. Mama mkwe wake, nasikia, hakulizungumza lile jambo tena, ila yeye ndiye aliyekuwa anampelekea chakula cha mchana shuleni kila siku, akienda na kurudi kwa miguu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mguu mgumu humtwisha mwenzake, na goti la kulia, lililobeba mwili wote kwa miaka, nalo likaanza kuisha. Safari hii hakungoja. Asubuhi aliyoamka limevimba alipanda meli peke yake, akanikuta nafungua mlango. Nilishika magoti yake kwa mgongo wa mkono. Yote yalikuwa baridi. Sindano ikatoa maji mepesi. Nilikwenda chooni nikakaa humo kidogo kabla ya kurudi kumweleza.

Picha ilionyesha vichomozo pande zote na mifupa inagusana. Dokta Halima akasema mazoezi yamefika mwisho wake. Kilichobaki ni kuliondoa goti na kuweka la bandia. Hakuficha kitu: mtu wa baridi yabisi ana hatari zaidi ya kidonda kuingia vijidudu, na huyu alishawahi kuingiliwa. Vikiingia kwenye goti la bandia vita yake ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Akampa muda.

Generoza alinifuata chumbani kwetu, akakaa kwenye kitanda cha mbao.

"Ungekuwa wewe, ungefanya?"

Miaka yote niliulizwa swali hilo, na nilikuwa na njia zangu za kulikwepa: kila mtu ana mwili wake, muulize daktari, zungumza na familia. Safari hii zote zilinikimbia. Nikamwambia kweli iliyokuwepo.

"Ningeogopa sana. Na ningekubali."

Akanitazama, kisha akasema nimetamka "l" vizuri.

Tarehe ya upasuaji iliangukia baada ya mimi kustaafu. Nilikaa nyumbani Kiseke siku ile nikipika na kuunguza. Dokta Halima alipiga simu jioni kusema umekwenda salama, vichomozo vyote vimeondolewa, na kwamba mgonjwa alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa vilikuwa vikubwa kiasi gani. Alimjibu kama punje za mchele. Generoza akasema basi, akalala.

Mliokuwepo wodini siku alipoinuliwa mnajua yaliyotokea, lakini mlikuwa mnamwangalia yeye, mimi hamkuniona. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, kama mgeni. Deo alikuwa amenipa mfuko wa machungwa ya kwao nikautia mapajani. Neema, mwenzenu wa chumba cha mazoezi, ndiye aliyemsimamisha, na nilikuwa nimejiapiza sitasema neno. Nilimwona Neema anaweka mkono juu kidogo; mimi ningeuweka chini zaidi. Nikaushikilia mfuko. Generoza alishusha miguu, ule mgumu na ule mpya, akajisukuma, akayumba, na uso wake ukajaa jasho. Deo aligeukia ukutani.

"Usinishike," akamwambia Neema. "Kaa karibu, lakini usinishike."

Hatua ya kwanza goti lilitetemeka. Ya pili lilijikunja na kunyooka. Akaanza kuhesabu kwa ile sauti yake ya darasa la kwanza, na wagonjwa wa vitanda vya jirani, ambao hawamjui wala hawajui wanahesabu nini, wakaanza kuhesabu naye. Ndipo nikagundua kwamba na mimi nimesimama, mfuko umeniponyoka, na machungwa yanabingirika chini ya vitanda wodi nzima. Hakuna aliyeinama kuyaokota mpaka mwalimu alipofika dirishani.